Mchinjaji Aliyemkana Isa

Pikipiki mbili ziliiacha lami zikaingia barabara ya murramu, na hapo Rajabu Shikanga akamshika dereva wake kiunoni kwa mikono miwili. Mbele yake, juu ya pikipiki ya kwanza, mkewe Nafula alikuwa ameketi upande, mtandio umejaa upepo, kikapu cha sukari na majani ya chai kikiwa mapajani. Mahindi yalikuwa yameshakatwa na kusimamishwa mafungu mafungu kila upande. Mtu anayetoka kusini mwa kaunti ya Kakamega, kwenye vishamba vya Khayega ambako jirani akikohoa unampa pole bila kutoka kitandani, akifika Likuyani kwa mara ya kwanza hudhani amevuka mpaka wa nchi. Ardhi imenyooka. Mikaratusi imepangwa mistari na Wazungu waliokwisha kwenda zao. Nyumba zimeachana, na anga ni kubwa mno. Rajabu alikuwa amekuja huku mara chache tu, na leo anga hiyo ilimtisha. Hapakuwa na pa kujificha.

"Mzee, legeza mikono kidogo," dereva wa pikipiki alimwambia. "Unanishika kama bibi yako."

Rajabu akalegeza.

"Munaenda kwa marehemu Sifuna? Kuondoa matanga?"

"Ndiyo."

Dereva akageuza shingo akamtazama vizuri, pikipiki ikayumba. "Ngoja. Si wewe ndio ule Muislamu wa maiki?"

Dereva akacheka kicheko kirefu. "Wacha! Ile siku ya mazishi mimi nilikuwa pale chini ya hema. Ulisema mambo, mzee. Mpaka leo watu wanasemanga."

Ndicho alichokuwa akikiogopa. Watu walikuwa bado wanasema, na yeye amekuja kusema tena.

Rajabu alikuwa mchinjaji. Alizaliwa upande wa Matungu, kwenye ukoo wa Waislamu wa siku nyingi, akafundishwa kisu na mjomba wake, kisha akahamia Khayega alipopata kazi kichinjioni. Huko ng'ombe wote wa soko walipita mikononi mwake, wa Mwislamu na wa Mkristo, ili mtu yeyote aingie bucha yoyote ale bila kuuliza. Wakristo walishazoea hivyo. Ng'ombe akilazwa, wao wenyewe ndio wa kwanza kuita, "Rajabu yuko wapi? Aje aseme yake." Naye huja, akaelekeza kichwa cha mnyama kibla, akalitaja jina la Mungu, akakata mara moja. Kazi yake ilikuwa hiyo: jina na kisu. Jina likikosekana, au likitajwa na mtu asiye na haki ya kulitaja, kilichobaki ni kuua tu.

Siku ya kumzika baba mkwe wake, shemeji yake Philip ndiye aliyeshika maiki. Philip ni kaka mkubwa wa Nafula, mhubiri wa kanisa lao, mtu mnene mwenye sauti nzuri na utani usioisha. Aliwataja wakwe mmoja mmoja, akawachekesha waombolezaji, halafu akamfikia Rajabu.

"Huyu mulamwa wangu ni mtu mzuri," alisema. "Mchapakazi. Kosa lake ni moja, alituibia dada akampeleka msikitini." Watu wakacheka. "Sasa leo, mbele ya jeneza la mzee, namuuliza tu: shemeji, Yesu utampokea lini? Ama unaogopa tutakulisha nguruwe?"

Hema zima likacheka. Watoto walicheka, wazee walicheka, hata wale wa kuchimba kaburi walisimama wakacheka. Rajabu alikuwa amefunga tangu asubuhi, amebeba viti tangu asubuhi, na yule mzee aliyelala kwenye jeneza alikuwa akimpenda. Damu ikampanda. Akasimama, akaipokonya ile maiki, akasema kwa sauti iliyofika mpaka shamba la pili:

"Huyo Yesu wenu mimi simjui na simtaki. Kaeni naye!"

Kicheko kikakatika. Mama mkwe wake alikuwa ndani, kwa kuwa kwao mkwe wa kiume na mama mkwe hawakaribiani, lakini Rajabu aliona mlango wa nyumba ukisukumwa ukafungwa taratibu.

Alirudi Khayega akijiona shujaa. Akamsimulia Osiako, mwenye bucha, na wakacheka. Ushujaa huo ulidumu mpaka jioni moja, Nafula akisonga obusuma, ugali wa kwao, huku amempa mgongo.

"Baba Halima," alisema bila kugeuka, "wewe ulimkana Isa."

"Nani? Mimi nilimkana Yesu wao."

"Na Yesu ni nani?"

Rajabu alijua. Alikuwa akijua tangu madrasa, kama mtu anavyojua kuwa maji ya mto unaopita kwao hukutana mahali na maji ya mto mwingine, lakini hajawahi kwenda kusimama hapo. Isa lilikuwa jina la msikitini, lenye heshima yake, linalofuatwa na dua. Yesu lilikuwa jina la spika za Jumapili na stika za magari. Maisha yake yote majina hayo mawili yalikaa vyumba mbalimbali kichwani mwake.

"Nilipokubali kusilimu," Nafula alisema, bado anasonga, "unajua nililia wiki nzima. Nilidhani naambiwa nimwache Yesu. Sikuweza. Maalim Makokha ndiye aliniambia, mama, humwachi, unakuja naye. Alisema huwezi kuingia mlango huu bila yeye. Ndiyo nikaingia." Akageuka. Macho yake yalikuwa makavu, na hilo lilimwogopesha Rajabu zaidi. "Sasa mimi nimeingia naye, na wewe uliyenikaribisha umemtupa nje. Na ulimtupa kwa spika."

Obusuma ule haukumshuka.

Asubuhi yake alikwenda kichinjioni kama kawaida. Ng'ombe akalazwa, wanaume wakashika miguu, kila mtu akamtazama yeye. Rajabu akainua kisu, na jina likakwama. Aliona wazi, kama mtu aliyesomewa hukumu, kwamba huenda hana tena haki ya kulitaja. Mtu aliyemkataa mtume mmoja amebaki nini? Na kama hakubaki kitu, basi nyama yote aliyochinja tangu mazishi ilikuwa nini, na ni nani amekula? Imamu amekula. Wajane wa msikitini wamekula. Halima wake amekula.

"Rajabu, vipi?" Osiako aliita. "Ng'ombe anakungoja."

"Mkono," alisema. "Mkono umeshikwa." Akaweka kisu chini akatoka. Osiako akaagiza mchinjaji mwingine kutoka Mumias, akinung'unika.

Tangu siku hiyo hofu ikahamia nyumbani kwake. Mchana jua likiwaka alikuwa na nafuu, ila Kakamega haikosi ngurumo za alasiri. Mawingu yalipoanza kujikusanya juu ya msitu, Rajabu aliingia ndani, akafunga dirisha, akaketi katikati ya chumba mbali na mabati ya ukutani. Kila mtu pande hizi amewahi kusikia habari ya mtu aliyepigwa na radi akitoka shambani. Zamani ngurumo zilimpa usingizi. Sasa kila moja aliihesabu kuwa yake. Hakuogopa kufa, alijiambia, kisha akakiri kuwa anaogopa. Aliogopa kufa kabla hajajua yuko upande gani. Alishasoma shahada peke yake mara nyingi, kwa sauti, kwa kunong'ona, mpaka maneno yakachakaa mdomoni. Msikitini alisimama safu ya mwisho. Mtu akimsalimia, "Asalam aleikum, Rajabu," alijibu haraka akiangalia chini, kama mtu aliyevaa nguo ya kuazima anayeogopa mwenyewe atatokea.

Mwisho Nafula akamwambia, "Nenda Mayoni kwa Maalim. Ama nitaenda mimi nimwambie."

Maalim Makokha alikuwa barazani kwake akimenya njugu, na lori la miwa lilipopita ilibidi wanyamaze mpaka vumbi litulie. Rajabu alisimulia yote. Maalim hakumkatiza.

"Ulimkusudia nani?" aliuliza.

"Sijui, Maalim. Nilikuwa na hasira. Nilimkusudia Philip."

Maalim alitaka kucheka, akajizuia. "Lakini hukumtaja Philip."

"Sikumtaja."

"Sikiliza. Mtu akikuletea salamu za babako, ukamfukuza na fimbo, nani atavunjika moyo? Yule mjumbe ama babako?"

"Baba."

"Ndiyo maana haturuhusiwi kuchagua. Nuhu, Ibrahimu, Musa, Isa, Muhammad, aliyewatuma ni mmoja. Na huyu wetu wa mwisho ndiye mwenyewe aliyetufundisha kumwamini Isa. Ukimwondoa Isa, umemwambia Muhammad kwamba alitudanganya. Unaona neno lako lilifika wapi?"

Rajabu akamsogelea. "Maalim, nimetoka kwenye dini?"

Maalim akaweka njugu chini. "Wewe ulipokuwa unasema, moyoni ulikuwa unajua Isa ni mtume?"

"Siku zote."

"Basi ulighafilika, ulimi ukakutangulia. Tubu, soma shahada na mimi hapa." Wakaisoma pamoja. Rajabu alilia, na Maalim akajifanya anatafuta kitu kwenye ungo. "Ile nyama ya nyuma muachie Mungu, yeye anajua nia yako. Lakini neno lako hukulisema chumbani. Ulilitoa kwenye spika, na wapo wanaoamini sasa kuwa hiyo ndiyo dini yetu, kumtukana Isa. Lirudishe palepale, mbele ya walewale. Mpaka ulirudishe, kisu kiache chini."

Hofu iliyokuwa imeanza kumtoka Rajabu ikarudi kwa mlango mwingine.

"Maalim, nikisimama Likuyani niseme namwamini Yesu, watasema nimeokoka."

"Watasema," Maalim alikubali.

"Na Khayega wakisikia nimeokoka, nani atakula nilichochinja?"

"Hakuna."

"Sasa?"

"Sasa useme yote. Usiseme nusu." Akachukua njugu nyingine. "Na useme haraka kabla hawajaanza kuimba."

Ndiyo sababu pikipiki zilipokata kona kwenye boma la marehemu Sifuna, Rajabu hakuteremka mara moja. Hema lilikuwa lilelile. Spika zilikuwa zilezile. Philip alikuja akikimbia tumbo mbele, mikono wazi.

"Mulamwa! Umekuja! Mimi nilisema hutakuja!" Akamkumbatia kwa nguvu. "Ya siku ile tulisahau. Mimi mdomo wangu hauna breki, unajua. Kuja, mbuzi anakungoja. Tulimweka mpaka ufike, ndio na wewe ule. Kisu ni hiki."

Akakitoa kisu. Kilikuwa kimenolewa vizuri. Wanaume waliokuwa wameketi kwenye viti vya plastiki wakageuka kutazama, na Rajabu akaona kwamba mbuzi huyo walimweka kwa upendo, kuponya jambo. Mkono wake ukapanda wenyewe nusu ya njia, akaurudisha.

"Siwezi, Philip."

"Huwezi nini?"

"Kuchinja. Leo siwezi. Bado."

Uso wa Philip ukabadilika. "Bado nini? Mbuzi wetu ni mchafu sasa?"

"Si mbuzi."

"Ni sisi basi."

"Mpe nafasi ya kusema kwanza," Nafula akaingilia. "Akishasema, utaelewa."

"Tulishamsikia akisema," Philip alijibu, akakichoma kisu kwenye shina la mgomba. Mbuzi akapelekwa nyuma ya nyumba na kijana wa kanisa, na Rajabu akasikia sauti yake ikikatika. Wanaume wakarudi kwenye mazungumzo yao wakimpa migongo.

Maombi yakaanza. Philip alihubiri kwa ufupi, bila utani, jambo lililomtisha Rajabu kuliko utani. Mawingu yalikuwa yamepanda kutoka upande wa Mlima Elgon. Kila alipoyatazama alihisi kama yanamtazama yeye. Akawaza kuondoka. Angeweza kusema anakwenda kujisaidia, akapitia kati ya mafungu ya mahindi mpaka barabarani. Angeuza machungwa. Angelima. Kisha ngurumo ya kwanza ikalia mbali, akajikuta amesimama.

"Naomba maiki."

Philip alimtazama kwa muda. "Tafadhali, shemeji," Rajabu akasema, na kitu fulani katika sauti yake kikamfanya Philip ampe.

Alikuwa amepanga maneno yake njia nzima kutoka Khayega. Yote yalimtoroka. Maiki ililia wiii, akaisogeza mbali na mdomo.

"Siku ya mazishi ya mzee nilisema neno hapa," alisema. "Nilisema Yesu simjui na simtaki. Nilikosa. Namuomba Mungu msamaha, na nawaomba nyinyi. Mimi namwamini Isa, huyo ambaye nyinyi mnamwita Yesu, mwana wa Mariamu…"

Hakufika mbali zaidi.

"Hareruya!" mzee mmoja akapaza sauti kutoka safu ya mbele, fimbo juu. "Hareruya! Ameingia!"

Hema likalipuka. Akina mama wakapiga vigelegele. Mtu akaanza wimbo na ngoma ikaudaka. Philip alisimama mdomo wazi, machozi yakaanza kumtiririka kwelikweli, akamkumbatia Rajabu mpaka miguu ikaacha ardhi. Juu ya bega la Philip, Rajabu aliona simu zimeinuliwa, nyingi, zote zikimtazama kwa vijicho vyao vidogo.

"Sijamaliza!" alipiga kelele. "Philip, niteremshe! Sijamaliza!"

"Umemaliza, ndugu yangu! Imekwisha!"

"Sijamaliza!" Akaipata maiki, akaishika kwa mikono miwili kama mtu anayezama. "Nisikilizeni! Namwamini kuwa ni mtume wa Mungu! Ametumwa na Mungu! Si Mungu, na si mwana wa Mungu! Na Muhammad ni mtume wake wa mwisho, na mimi ni Mwislamu, nilikuwa na bado! Ukimkataa Isa huwezi kuwa Mwislamu, ndiyo nimekuja kusema! Nilimtukana mtume wangu mwenyewe!"

Ngoma ilichelewa kunyamaza. Wimbo ukafia kwa mtu mmoja mmoja. Yule mzee wa fimbo akauliza jirani yake kwa sauti ya kiziwi, "Sasa ameingia ama ametoka?" na mtu akacheka, na wengine hawakucheka. Mwanamke mmoja akaguna, "Si ni yaleyale." Simu zilikuwa zimeshushwa. Zilishushwa zamani, kwenye wimbo.

Philip alirudi nyuma hatua, akijipangusa uso kwa kitambaa. "Mulamwa," alisema polepole, "umetupandisha juu, ukatuachilia."

"Nilikuambia sijamaliza."

"Uliniambia." Akapumua. "Mtume tu?"

"Kwetu hilo si neno dogo, Philip. Nimeshindwa kulala kwa sababu yake."

Nafula alitoka ndani ya nyumba. Alikuwa kwa mama yake, na sasa alileta maneno ya mama, kama ilivyo desturi, kwa kuwa yeye mwenyewe hawezi kusimama mbele ya mkwe wake. "Mama anasema amesikia yote," alimwambia mumewe mbele ya watu. "Anasema yeye haamini kama wewe. Lakini anasema siku ile ulimuumiza, na leo hakuumia."

Rajabu alikalia kiti cha kwanza alichokiona. Ndani yake palikuwa na utulivu mdogo, mahali pamoja tu, kama chumba kimoja chenye taa katika nyumba yenye giza. Neno limerudi. Alijaribu kukaa ndani ya chumba hicho. Simu yake ikalia.

Alikuwa Osiako. "Bwana Rajabu, ni nini hii natumiwa? Umebatizwa?"

"Nani amekutumia?"

"Uliza nani hajatumiwa! Uko hapa unasema unamwamini Yesu, watu wanaruka, umebebwa kama harusi. Wazee wa msikiti wako hapa buchani. Wananiuliza kama kesho bado ni wewe unarudi kuchinja."

"Hiyo ni nusu, Osiako. Imekatwa. Mimi nimesema—"

"Mimi naelewa nini mambo ya nusu? Mimi nauza nyama."

"Waambie nakuja. Wanisubiri."

Osiako akauliza, bila ubaya, kama mtu anayetaka kujua tu: "Unakuja kama nani?"

Simu ikakatika, au Rajabu aliikata, hakujua. Alimweleza Philip, na Philip akaenda kwa vijana wa kwaya, mmoja mmoja, akiwauliza ni nani aliyerekodi mpaka mwisho. Alirudi akitikisa kichwa.

"Hakuna. Walizima kwenye wimbo. Nimewaambia wafute, lakini imeshaenda." Akasita. "Wapigie nikiwa hapa, niongee na hao wazee wako. Nitawaambia hukuokoka. Mungu anisamehe, nitawaambia."

"Watasema ndivyo mhubiri anavyosema ukishaokoka."

Philip akataka kucheka, ikamshinda. "Basi kula kwanza."

"Siwezi kula hicho, shemeji. Nisamehe. Na wakati sina. Lazima niwakute kabla ya magharibi, wanione naswali."

Nafula alibaki. Vyombo vya watu wote hao vilikuwa vinamngoja, na mama yake alikuwa amemwomba alale. Alimsindikiza Rajabu mpaka langoni, ambako yule dereva wa asubuhi alikuwa tayari ameshawasha pikipiki, safari hii hana utani. Walisimama karibu bila kugusana.

"Wasiponiamini?" Rajabu aliuliza.

"Umesema yote. Mimi nilisikia."

"Wewe si wazee wa msikiti."

"Hapana," alisema. "Lakini nilikuwepo."

Akapanda. Matone makubwa ya mvua yalikuwa yameanza kupiga vumbi, moja hapa, moja pale, na ngurumo ikapita juu yao kutoka upande mmoja wa anga hadi mwingine. Nafula alimwona akiinamisha kichwa kati ya mabega. Pikipiki ikaondoka.

Shangazi mmoja alikuja akasimama naye, sahani mkononi. "Sasa huyu bwana yako," alisema akitafuna, "ni wetu ama ni wao?"

Nafula hakugeuka. Likuyani ni tambarare, na mtu anayeondoka huonekana kwa muda mrefu: kanzu nyeupe kati ya mahindi yaliyokatwa, inazidi kuwa ndogo, mkono mmoja umeshika kiti na mwingine umeshika simu sikioni.

"Ni mwenye njaa," alisema. "Hajala kitu tangu jana."